Kabla binti hajaimaliza Twilight, mzazi airudie

Wasichana waliokuwa kidato cha tatu au cha nne mwaka 2008, filamu ya Twilight ilipotoka, leo ni wanawake wa miaka thelathini na kitu. Wengi wao ni mama wa watoto. Wapo wenye mabinti wa miaka 12 au 13 ambao nao wamekifikia kitabu kilekile kwa njia zao: nakala iliyochanika jalada inayozunguka bwenini, faili ndani ya simu ya dada mkubwa, au vipande vya filamu vinavyopita mtandaoni vikiwa vimewekewa muziki wa huzuni.

Mama anapogundua binti yake anasoma Twilight, mara nyingi hufanya moja kati ya mambo mawili. Hufurahi, akakumbuka ujana wake na kuanza kusimulia nani alimpenda Edward na nani alimpenda Jacob. Au hushtuka, akasema kitabu cha wanyonya damu hakina nafasi ndani ya nyumba yake, akakichukua na kukificha juu ya kabati, mahali ambapo kila mtoto wa nyumba hiyo anajua kuwa ndipo vitu hufichwa.

Jambo linalofanywa na wachache ni kukisoma tena. Wengi wanategemea kumbukumbu, na kumbukumbu ya riwaya iliyosomwa usiku kwa tochi ya simu chini ya shuka ni kumbukumbu ya mapigo ya moyo. Maneno yaliyoandikwa yenyewe yamesahaulika zamani. Mama anayekifungua tena akiwa na miaka 33, akiwa na mume au akiwa ameachana naye, akiwa na mtoto anayelala chumba cha pili, anakuta kitabu kingine kabisa ndani ya jalada lilelile jeusi lenye mikono miwili iliyoshika tufaha jekundu.

Kwa mzazi ambaye ujana wake ulimpitisha mbali na haya, hadithi kwa ufupi ni hii. Bella Swan ana miaka 17. Mama yake ameolewa upya, naye anaamua kuhamia kwa baba yake, Charlie, mkuu wa polisi wa Forks, mji mdogo wa mvua na misitu katika jimbo la Washington, Marekani. Shuleni anakutana na Edward Cullen, kijana mzuri kupita kiasi, asiyekula na watu, mwenye mkono wa baridi. Edward ni vampaya. Alizaliwa mwaka 1901, akaugua homa ya mafua iliyoua mamilioni ya watu mwaka 1918, na akageuzwa akiwa mahututi. Familia yake imeapa kunywa damu ya wanyama tu. Anampenda Bella, na harufu ya damu yake inamtia kiu kuliko ya mtu yeyote aliyewahi kukutana naye. Kumpenda na kutaka kumuua vinakaa katika kifua kimoja.

Mwandishi, Stephenie Meyer, alikuwa mama wa nyumbani mwenye watoto watatu wadogo wa kiume. Ameeleza kwamba usiku wa kuamkia Juni 2, 2003 aliota ndoto ya msichana na vampaya wakizungumza kwenye uwanda wenye maua, akaanza kuiandika asubuhi ili isimpotee, na baada ya miezi mitatu hivi riwaya ilikuwa imekamilika. Ilichapishwa Oktoba 2005. Zikafuata New Moon mwaka 2006, Eclipse mwaka 2007 na Breaking Dawn mwaka 2008, na vitabu hivyo vimeuza nakala zaidi ya milioni 100 duniani.

Idadi hiyo haikutokana na ujinga wa wasichana, na mzazi anayeanza kwa kudharau amekwisha kujifungia mlango. Bella anajiona wa kawaida. Anajikwaa kwenye sakafu tambarare, hajui kucheza mpira, anaona haya kila akitajwa jina darasani. Halafu mtu mmoja, ambaye anaweza kusoma mawazo ya binadamu wote isipoku­wa yake, anataka kujua kila kitu kumhusu: rangi aipendayo, vitabu alivyosoma, kwa nini alinyamaza ghafla. Kwa msichana wa miaka 14 ambaye siku nzima hakuna aliyemuuliza swali zaidi ya "umeosha vyombo?", kurasa hizo ni kama maji ya kunywa mtu akiwa na kiu. Binti hakosei kutaka kuonekana. Kinachomhitaji mtu mzima ni sehemu inayofuata.

Dirisha

Katikati ya kitabu cha kwanza, Edward anamwambia Bella kwamba amekuwa akiingia chumbani kwake karibu kila usiku, kupitia dirishani, na kukaa akimtazama amelala. Bella hakuwa akijua. Baba yake, askari polisi mwenye bunduki, alikuwa amelala chumba cha jirani. Bella anaona aibu kwa sababu anajua huongea usingizini, na wasiwasi wake mkubwa ni nini alisema. Kuhusu mtu kuingia chumbani kwake bila ruhusa, anajisikia kutukuzwa.

Hapo ndipo msomaji wa miaka 16 alipokumbatia mto. Mama wa miaka 33 husimama kusoma, akainuka, akaenda kuangalia kama komeo la dirisha la chumba cha binti limefungwa. Maneno ni yaleyale. Aliyebadilika ni msomaji, kwa kuwa sasa anajua mtu anayekuja usiku bila kubisha hodi huwa anatafuta nini.

Mwaka 2020 Meyer alitoa Midnight Sun, hadithi ileile ikisimuliwa na Edward mwenyewe, na inafaa kusomwa sambamba na ya kwanza. Usiku wa kwanza dirisha linakwama kidogo na kulia, naye anaanza kuwaza namna ya kulifanya liwe jepesi mara ijayo, kisha anashtuka kwamba tayari anawaza habari ya mara ijayo. Anajua amevuka mpaka. Anajilaumu kurasa kwa kurasa. Na anarudi. Mwanamke yeyote aliyewahi kusikiliza msamaha wa machozi unaofuatwa na kosa lilelile wiki inayofuata ataisoma sehemu hiyo kwa utulivu wa mtu anayeujua wimbo.

Kiswahili kina jina la mpenzi wa namna hii. Wanyonya damu wa Afrika Mashariki, mumiani, walikuwa wa kutisha tu. Bibi zetu waliosikia kwamba kuna watu wanaokamatwa usiku na kukamuliwa damu wasingeelewa mjukuu anayemtamani mmoja wao. Lakini jini mahaba wangemtambua mara moja: kiumbe mzuri asiyezeeka, anayempenda mtu mmoja, anayemjia usiku, mwenye wivu na kila anayemsogelea. Katika visa vya pwani, familia ya binti mwenye jini mahaba haimtafutii gauni la harusi. Inamtafutia kisomo. Hadithi ni karibu moja, tofauti ni kwamba huku imehesabiwa kuwa maradhi, na kule imehesabiwa kuwa bahati.

Na kuna jambo la umri, ambalo wasomaji wa wakati ule walilipita wakicheka. Miaka hiyohiyo redio za Tanzania zilikuwa zikirusha matangazo ya Fataki, lile jibaba linalowanunulia wanafunzi chipsi kuku. Msichana aliyejua kumkimbia Fataki wa miaka 45 alirudi bwenini kumsubiri kwa hamu Edward wa miaka 100 na ushee, kwa kuwa Edward hakuwa na kitambi.

Dirisha la leo halipo ukutani. Mabinti wa sekondari wanaweza kulieleza vizuri kuliko wazazi wao: kijana anayetaka atumiwe lokesheni kila anapotoka, anayeuliza kwa nini alionekana onlaini saa sita usiku na hakumjibu yeye, anayeomba neno la siri la akaunti "kama kweli unanipenda". Binti anayesimulia haya kwa wenzake mara nyingi husimulia kwa kujisifu. Ana mtu anayemjali. Lugha hiyo ya kujali haikubuniwa na Meyer peke yake. Nyimbo za mapenzi, tamthilia za kutafsiriwa na hata mashangazi wanaosema "wivu ndiyo penzi" wamechangia. Ila ni nadra kuikuta imeandikwa waziwazi kama ilivyo katika vitabu hivi, na hiyo ndiyo faida yake kwa mzazi. Mambo ambayo binti hawezi kuyazungumza kuhusu kijana wa darasani kwake, anaweza kuyazungumza kuhusu Edward bila kumtaja mtu.

Pikapu

Bella ana pikapu kuukuu ya Chevrolet, yenye kelele na mwendo wa kobe, ambayo baba yake alimnunulia kwa rafiki yake kama zawadi ya kumkaribisha. Anayesoma vitabu vyote kwa mpigo na kuifuatilia pikapu hiyo tu, akiacha mengine, atapata somo zima la malezi.

Katika Eclipse, Bella anataka kwenda kumtembelea rafiki yake Jacob, ambaye ni mbwa mwitu na kwa hiyo adui wa jadi wa vampaya. Edward anahofia usalama wake. Bella anaingia kwenye gari, anajaribu kuliwasha, halifanyi lolote. Edward amekaa kiti cha pembeni akiwa ameshika mkononi kifaa alichokitoa kwenye injini. Si hilo tu. Baadaye anamwomba dada yake, Alice, amweke Bella nyumbani kwao wakati yeye akiwa safarini kuwinda, na kumlipa Alice kwa gari jipya la Porsche. Bella ana hasira, lakini hasira yake inaandikwa kama ya mtoto aliyenyimwa peremende, na msomaji anasukumwa kuiona hatua ya Edward kama upendo uliozidi kipimo.

Mzazi anayesoma hapa anaweza kukunja uso na kusema kijana huyu ni hatari. Kabla hajakunja uso vizuri, arudi kwenye kitabu cha kwanza. Kuna Jumamosi moja jioni Bella anarudi nyumbani akiwa na furaha isiyo ya kawaida na kusema anakwenda kulala mapema. Charlie, kama baba yeyote mwenye akili, haamini. Anadhani binti atatoroka usiku. Hamuulizi. Anatoka kimyakimya, anafungua boneti ya pikapu na kuondoa nyaya za betri, kisha usiku anachungulia chumbani kuhakikisha yupo. Asubuhi anazirudisha na kwenda zake kuvua samaki. Bella anakuja kujua kutoka kwa Edward, ambaye usiku huo alikuwa chumbani humo humo.

Baba alifunga gari wakati mtu aliyemhofia alikuwa tayari juu ghorofani. Na alichofanya baba kwa pikapu hiyo ndicho atakachofanya mpenzi katika kitabu cha tatu, kwa sababu ileile, kwamba anamlinda. Binti aliyezoea kuona upendo ukifungua boneti usiku hatashangaa atakapouona tena kwa mwanaume mwingine. Ataufananisha na wa nyumbani.

Hili ndilo linalofanya kusoma upya kuwe kugumu kwa mzazi, na ndiyo maana kuficha kitabu juu ya kabati ni rahisi zaidi. Mama anayesoma meseji za binti akiwa bafuni, baba aliyeweka programu ya kufuatilia kwenye simu ya mtoto bila kumwambia, shangazi anayenusa nguo. Wote wana sababu, na nyingine ni nzito. Mtoto wa miaka 13 haachiwi simu na mtandao wote uliomo bila mtu mzima kuangalia. Kuangalia ni wajibu. Lakini kuna kuangalia ambako mtoto anakujua: simu inalala sebuleni saa tatu, neno la siri mama analo mpaka umalize kidato cha nne, nikiona jambo nitakuuliza usoni. Na kuna kule kwa Charlie na Edward, ambako mwenye gari ndiye mtu wa mwisho kujua gari lake limefanywa nini.

Inafaa kumtendea haki Edward pia. Baada ya kisa cha injini, anamwambia Bella kwamba kama hataki aje usiku huo, afunge dirisha, naye ataelewa. Bella analibamiza dirisha kwa hasira. Anakaa akilitazama. Kisha anapumua na kulifungua lote. Vijana wengi hulisoma tukio hilo kama mapatano matamu ya wapenzi. Mama anaweza kulisoma kama mara ya kwanza, baada ya vitabu viwili na ushee, Edward kumwachia Bella aamue habari ya dirisha lake mwenyewe. Baadaye kidogo anaanza kumruhusu kwenda kwa Jacob, akimsindikiza mwenyewe hadi mpakani. Neno "kumruhusu" linabaki kuwa tatizo, lakini kijana anabadilika, na binti anayempenda Edward ana haki ya kulisema hilo katika mazungumzo bila kuchekwa.

Minyororo

Tukio linalokumbukwa na kila mtu katika Twilight ni la gari shuleni. Asubuhi ya barafu, gari la mwanafunzi mwenzake linateleza kuelekea alipo Bella, na Edward, aliyekuwa mbali, anatokea ghafla na kulizuia kwa mkono. Filamu imelifanya tukio hilo kuwa maarufu zaidi. Waulizwe waliosoma: Bella alikuwa anafanya nini pale nyuma ya pikapu gari likimjia? Karibu hakuna anayekumbuka.

Alikuwa anatazama matairi. Asubuhi hiyo alishangaa kwamba pikapu yake haikuteleza njiani, aliposhuka akainama na kuona minyororo myembamba imefungwa kuzunguka matairi. Wanaopita barabara za udongo za milimani wakati wa masika wanaijua minyororo hiyo na wanajua inavyochosha kuifunga. Charlie alikuwa ameamka alfajiri sana, kwenye baridi kali, akaifunga kisha akaondoka kwenda kazini bila kumwambia mtu. Bella, ambaye tangu wazazi wake waachane alizoea kuwa yeye ndiye mtunzaji wa mama yake, anakabwa na kilio. Hajazoea kutunzwa. Anasimama pale akipambana na machozi, na ndipo anaposikia mlio wa gari linaloteleza.

Tangu wakati huo riwaya inageukia mkono wa Edward na hairudi tena kwenye minyororo. Msomaji wa miaka 16 anageuka nayo. Msomaji aliyewahi kuamka saa kumi alfajiri kupiga pasi sare ya mtoto anayekwenda mtihani, au kumtengenezea uji kwenye chupa ili asinunue barabarani, anabaki pale nyuma ya gari na machozi yake. Wanaume wawili walimlinda Bella asubuhi hiyo. Mmoja alionekana na shule nzima.

Na ni Charlie huyohuyo wa nyaya za betri. Minyororo iliiwezesha pikapu kufika Bella alikotaka kwenda, nyaya zilizoondolewa zikaizuia, na mikono iliyofanya yote mawili ni ya mtu mmoja anayempenda binti yake na asiyejua kuzungumza naye. Chakula chao cha jioni kinapita kwa sentensi nne. Bella ndiye anayepika, kwa sababu Charlie hajui kupika mengi zaidi ya kukaanga mayai na bekoni. Wanapendana kwa kukwepana, na katika ukimya huo mkubwa kijana mwenye maswali mengi anapata nafasi.

Ukurasa unaoumiza kuliko yote katika kitabu cha kwanza, kwa macho ya mzazi, hauna vampaya. Bella analazimika kuukimbia mji ili mwindaji anayemfuata asifike kwa baba yake. Ili Charlie asimfuate, anamrushia maneno yaleyale ambayo mama yake aliyatumia alipomwacha miaka mingi nyuma, akiondoka na Bella akiwa mchanga. Anajua anachofanya. Charlie anabaki amesimama mlangoni ameganda. Vijana huruka kurasa hizo wakitaka kufika kwenye mapambano. Mzazi aliyeachwa, au aliyewahi kutajiwa na mtoto kosa la ndoa yake katikati ya ugomvi mdogo tu, atahitaji kuweka kitabu chini kwa muda.

Lakini Charlie si wa kutakaswa. Katika Eclipse, Jacob anambusu Bella kwa nguvu huku Bella akimkataa. Bella anampiga ngumi ya uso na kuumia mkono wake mwenyewe, kwa kuwa uso wa mbwa mwitu ni mgumu. Wanafika nyumbani, Jacob anajisemea kosa lake mbele ya baba, na Charlie, ambaye siku zote amempendelea Jacob kuliko Edward, anampongeza kijana. Binti ameshika mkono uliovunjika. Ni mistari michache, imeandikwa kama kichekesho, na katika vitabu vyote vinne hakuna sehemu ambayo baba anastahili zaidi kuisoma kwa sauti mbele ya watoto wake wa kiume na wa kike. Edward mwingiaji dirishani amelaumiwa sana na wahakiki. Mzee anayecheka pale binti anaposema "nilikataa" yupo katika nyumba nyingi zisizo na vampaya hata mmoja, hasa kijana aliyekosea akiwa mtoto wa rafiki, mtoto wa jirani, au binamu "asiye na tabia mbaya".

Namna ya kuisoma pamoja

Haina haja ya kufanywa darasa. Binti akihisi anafundishwa, atafunga kitabu na mdomo pamoja. Mama anaweza kuanza kwa kusema ukweli kwamba alikuwa upande wa nani wakati ule, na binti akacheka. Baba naye asome. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba riwaya hii ni ya wanawake, na Charlie anamhusu yeye kuliko anavyomhusu mama.

Meyer mwenyewe alitoa njia nzuri ya kuanzia. Mwaka 2015, riwaya ilipotimiza miaka 10, alitoa Life and Death, ambamo hadithi ni ileile lakini jinsia zimegeuzwa: mvulana wa kawaida anaitwa Beau, na vampaya ni msichana, Edythe. Alikuwa akiwajibu waliosema Bella ni msichana dhaifu anayesubiri kuokolewa. Si lazima kukitafuta kitabu hicho. Inatosha kuuliza mezani: kama ni dada fulani ndiye anayeingia chumbani kwa kaka yako kila usiku na kumtazama amelala, tungesemaje humu ndani? Watoto watacheka, kisha watabishana, na kaka mwenyewe atakuwa na la kusema.

Swali jingine linalozaa mazungumzo ni la New Moon. Edward anapomwacha Bella, mwandishi ameweka kurasa zenye majina ya miezi tu, Oktoba mpaka Januari, bila neno jingine. Bella haishi katika miezi hiyo. Anakwenda shule, anarudi, usiku anapiga kelele usingizini. Charlie anasubiri, anasubiri tena, halafu anatishia kumpeleka kwa mama yake. Mzazi aulize: Charlie angefanya nini mwezi wa kwanza? Jibu la binti litamwambia mzazi angependa yeye mwenyewe afanyiwe nini siku moyo wake utakapovunjika, siku ambayo itakuja, na huenda imekwisha kuja bila mtu kujua.

Mzazi ajiandae pia kuulizwa. Binti aliyesoma kwa makini habari ya nyaya za betri ataziunganisha na simu yake mwenyewe kabla mama hajamaliza sentensi. "Na wewe, mbona unasoma meseji zangu nikiwa naoga?" Swali hilo si utovu wa adabu, hata likisemwa kwa sauti ya utovu wa adabu. Linastahili jibu la kweli: ndiyo nilisoma, niliogopa jambo fulani, na kuanzia leo tutapatana hivi.

Riwaya ina kurasa karibu 500 na si kila mzazi ana usiku wa kuzimaliza. Asiye na muda aanze na sura ya tatu, ile ya asubuhi ya barafu. Inasomeka yote ndani ya daladala kutoka Mbezi hadi Posta siku ya foleni, na jioni kuna la kumuuliza binti: pale gari lilipomjia Bella, alikuwa anatazama nini?